Natunga wimbo wa katikati, Zaburi ya 34: maneno hayakai kwenye nota

chipukizi_alto

Tumsifu Yesu Kristo, walimu wangu.

Nina kipaji kidogo cha kutunga na nataka nikitumie kanisani, si kwa maonyesho. Nimeanza na wimbo wa katikati (ule wa kuitikia baada ya somo la kwanza), Zaburi ya 34, kiitikio "Onjeni mwone ya kuwa Bwana yu mwema". Melodi naipenda, lakini wakiimba watu watatu pamoja inasikika kama lugha ya kigeni. Nota ziko sahihi, wanaimba nilichoandika, na bado maneno hayasikiki. Ufunguo ni A, mapigo manne, kwa sol-fa (d ni do, r re, m mi, f fa, s sol, l la, t ti; ₁ ni oktava ya chini, ' ni ya juu, – ni kuvuta nota):

| d :m :s :l | s :m :r :m | f :m :r :t₁ | d :– :– :– ||

Kila silabi nota moja, naanzia pigo la kwanza. Maswali yangu:

Kosa liko wapi? Je, mashairi matatu niyatie kwenye melodi moja au kila shairi na lake? Silabi zake hazilingani, moja lina 13, jingine 14, jingine 12. Sauti nyingine tatu niziandikeje zisizidi uwezo wa kwaya ya kawaida ya parokia? Na nikimaliza napeleka kwa nani, maana sitaki kuuweka mbele ya watu wimbo usiofaa liturujia.

---

mwl_wa_sauti

Milele amina, dada.

Tuanze na kosa, maana ukilielewa hili moja umepata nusu ya kazi ya utunzi wa Kiswahili.

Maneno yetu karibu yote yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: o-NJE-ni, MWO-ne, KU-wa, BWA-na, MWE-ma. Kwenye mapigo manne, pigo la kwanza ni zito na la tatu lina uzito wa kati. Sasa weka silabi zako chini ya mapigo uone zilizoangukia kwenye uzito: O, ni, ne, ku, Bwa, yu, ma. Katika saba, mbili tu ndizo halali, "ku" na "Bwa". Tano zilizobaki ni silabi dhaifu ulizozipa nguvu. Waimbaji wako wanaimba ulichoandika kweli, na ulichoandika ni "OnjeNI mwoNE", na mwisho "mweMA". Sikio la Mswahili halilitambui neno likiwa na mkazo mahali pasipo pake, hata kama herufi zote zipo.

Umeongeza na jingine: nota ya juu kuliko zote, l, umeiweka kwenye "mwo". Hapo ni sawa, ni silabi yenye mkazo. Lakini katika ufunguo wa A hiyo l ni F-kali (F♯) ya juu. Soprano wa parokia atapiga kelele pale, na neno litameza vokali. Hilo tutalirudia.

Dawa: usianze na melodi. Soma mstari kwa sauti ya kawaida kama msomaji wa somo, mara kumi, huku ukigonga meza kila mkazo unapotokea. Kisha andika silabi zenye mkazo kwa herufi kubwa:

o-NJE-ni MWO-ne-ya KU-wa BWA-na-yu MWE-ma

Tazama lilivyokaa. Baada ya "o" ya kuanzia, makundi yanakwenda mbili, tatu, mbili, tatu, mbili. Huo ni mwendo wa sita kwa nane, haukuhitaji kuutafuta, umo ndani ya maneno yenyewe. Kila mkazo unaanza kundi la nusu-mapigo matatu. Kundi lenye silabi mbili tu, ile ya kwanza unaivuta. Kwa sol-fa (alama ¦ ni katikati ya kipimo):

Ufunguo F, sita kwa nane
s₁ | d :– :d ¦ m :r :d | r :– :m ¦ s :m :r | d :– :– ¦ d :– ||
O- | nje – ni ¦ mwo-ne ya | ku – wa ¦ Bwa-na yu | mwe – – ¦ ma ||

Nimebadilisha nota kidogo ili kilele, s, kiwe kwenye "Bwa-". Jina ndilo kiini cha sentensi, basi lipate nota ya juu. Wimbo wote unatembea kati ya s₁ na s, oktava moja kamili, yaani katika F ni kutoka C ya kati hadi C inayofuata. Mzee wa benchi la nyuma anaweza, mtoto wa Ekaristi ya kwanza anaweza. Wimbo wa katikati ni wa waamini wote kuitikia, kwa hiyo kipimo chake ni koo la asiyefanya mazoezi.

Jihadhari na silabi mbili zinazowaponza watunzi. Ya kwanza ni M na N zinazosimama peke yake: "mtu" ni M-tu, "nchi" ni N-chi, "msifu" ni m-SI-fu. Hiyo M inahitaji nota yake. Lakini "mbingu" ni MBI-ngu, silabi mbili tu, usiipe tatu. Ya pili ni vokali pacha: "juu" ni JU-u, "mkuu" ni m-KU-u. Ukiipa "juu" nota moja fupi inakuwa neno lisilokuwepo.

Halafu kuna kiambishi -ni. "Msifu" mkazo uko kwenye "si", "msifuni" umehamia "fu". Mtunzi anaandika shairi la kwanza kwa umoja, la pili kwa wingi, melodi ile ile, kisha anashangaa la pili linapiga chenga.

---

mpiga_kinanda_wa_zamu

Mwalimu amesema vizuri. Naongezea kwa nini kosa hili limeenea: nyimbo nyingi tulizokua nazo zilitafsiriwa kutoka lugha ambazo mstari huishia kwenye silabi yenye nguvu. Kiswahili huishia kwenye dhaifu. Mfasiri akatafuta idadi ya silabi tu, akaipata, mkazo akauacha. Ndiyo maana watu wamezoea kuimba "mwokoZI" bila kushtuka. Kuzoea si ruhusa ya kuendeleza.

Nina tatizo na sita kwa nane, hata hivyo. Nota ni nzuri, mwendo ni sahihi, lakini mpe mpiga kinanda aliyezoea kubonyeza mdundo wa mashine, na mwenye ngoma pembeni, hiyo Zaburi itachezwa kabla haijafika shairi la pili. Wimbo wa katikati unajibu somo la kwanza, watu wanatafakari neno walilolisikia. Nota hizo hizo zinakaa vizuri kwenye mapigo mawili, kila mkazo mwanzo wa kipimo (nukta ni nusu ya pigo):

.s₁ | d :– .d | m :r .d | r :– .m | s :m .r | d :– | d :– ||

Unapata utulivu, na mkazo haujahama. Ukishikilia sita kwa nane basi andika mwendo juu ya karatasi: makundi 52 hadi 56 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kiitikio kinachukua sekunde saba hivi. Kiimbwe mara tano pamoja na mashairi matatu, wimbo mzima hauvuki dakika moja na nusu. Wimbo wa katikati wa dakika nne ni tamasha.

Na Kwaresima usisahau: Mwongozo wa Jumla wa Misale, kifungu cha 313, unaruhusu kinanda na ala nyingine kusindikiza sauti tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kwa hiyo usitunge utangulizi wa kinanda wa vipimo nane ambao bila huo wimbo hauanzi. Waimbaji waweze kuchukua sauti na kwenda.

---

mwl_wa_sauti

Nakubali hoja ya ngoma. Achague yeye, maana anaijua kwaya yake. Mapigo mawili yana hatari yake ndogo: "ne ya" na "na yu" zinakuwa nusu-nusu, kwaya isiyo na nidhamu itazikimbiza. Wafundishe kusema maneno kwa mapigo kwanza, bila sauti ya kuimba, mpaka "mwone ya" itoke kwa utulivu.

Sasa mashairi. Usitunge melodi kwa kila shairi, na usilazimishe melodi moja ya nota zilizohesabiwa. Tumia kanuni ya kughani: nota moja ya kusomea, na mwisho wa mstari nota mbili za kutua. Hapa Kiswahili kinatuhurumia sana. Kwa kuwa mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mstari unaisha vile vile, nzito kisha nyepesi. Angalia miisho ya aya tatu za mwanzo: wa-KA-ti, da-I-ma, itaji-SI-fu, wakafu-RA-hi, NA-mi, pa-MO-ja. Yote sita yana umbo moja. Mstari uwe na silabi 12 au 14, mwisho hauna habari.

Mstari wa kwanza: soma wote kwenye m, silabi yenye mkazo wa mwisho ipande f, ya mwisho irudi m.
Mstari wa pili: soma kwenye m, mkazo wa mwisho ushuke r na uvutwe kidogo, ya mwisho itue d.

Kwa mfano "Nitamhimidi Bwana kila wa-" yote kwenye m, "-ka-" f, "-ti" m. Kisha "Sifa zake zi kinywani mwangu da-" kwenye m, "-i-" r, "-ma" d. Kutoka d hiyo waamini wanaikuta s₁ ya "O-" bila shida.

Anayeghani asiende kama saa. Asome kwa mwendo wa usemi, na asiimeze ile M ya katikati katika "nitamhimidi". Wengi husema "nitahimidi", na maana inapungua. Kwenye karatasi pigia mstari silabi ya kutua katika kila mstari; bila hiyo mwimbaji mgeni atageuza nota mapema mno, atakwama na silabi tatu mkononi.

---

besi_wa_nyuma

Sauti nne hajajibiwa. Kwa ufunguo wa F, mipaka inayobebeka na kwaya ya kawaida ni hii:

Soprano s₁ hadi l (t kwa waliozoea mazoezi). Alto m₁ hadi f. Tena (sauti ya juu ya wanaume) s₁ hadi d'. Besi r₁ hadi s.

Kumbuka sol-fa ya tena na besi huandikwa oktava moja juu ya inavyosikika, ndiyo maana d ya besi na d ya soprano zinafanana kwenye karatasi lakini si kooni.

Mipaka hiyo ni ya kufika, si ya kukaa. Alto anayekaa f vipimo vinne anachoka na anashuka, akishuka anavuta wote. Besi anayekaa r₁ hasikiki kabisa, unabaki na wimbo wa sauti tatu.

Kwa kiitikio chako besi iwe mtu wa kazi: d mpaka "ya", s₁ kwenye "ku-", irudi d kwenye "Bwa-", iguse s₁ kwenye "yu", ifunge d. Usipambe. Tena na alto wajaze, kati ya soprano na alto pasizidi oktava, kati ya alto na tena hivyo hivyo. Nafasi kubwa ibaki kati ya tena na besi tu. Kosa la kawaida ni tena kuwekwa chini karibu na besi, chini kunakuwa uji.

Nota t usiigawie sauti mbili kwa wakati mmoja. Inataka kupanda d, zikiwa mbili zinapanda pamoja na zinasikika kama sauti moja iliyoongezwa nguvu. Na kuhusu sauti kutembea sambamba: vitabu vya Ulaya vinakataza tano sambamba (sauti mbili kutembea pamoja zikiachana nota tano), na kwa wimbo wa mtindo huu nakushauri uzikwepe kati ya besi na tena. Lakini usiifanye amri ya Mungu. Wagogo wa Dodoma wanaimba kwa nne na tano sambamba na hakuna mwenye haki ya kuwaambia wamekosea. Chagua mtindo mmoja ndani ya wimbo mmoja. Mchanganyiko ndio unaosikika kama kosa.

Ufunguo: mwambie mpiga kinanda asihamishe kwa kitufe bila kukuambia. Akipandisha F iwe G, l ya soprano inakuwa E ya juu. Akishusha iwe D, r₁ ya besi inakuwa E iliyo chini kabisa, na hapo wengi wetu tunafungua midomo tu.

---

karani_wa_nota

Kama unaandika kwa MuseScore (programu ya kuandika nota, ni ya bure, inatosha kabisa), kuna mtego kwenye alichosema besi. Ukihamisha sol-fa ya tena na besi kama ilivyo kwenye clef ya soprano (alama ya mwanzo wa mistari ya nota), programu itazipiga oktava juu, besi ataimba juu ya alto na utadhani ulinganifu ni mbaya. Tena mpe clef ya G yenye 8 chini, besi clef ya F. Sol-fa yenyewe iandike kama mstari wa pili wa maneno chini ya kila sauti.

Usiiamini sauti ya kompyuta kwa suala la mkazo. Mashine haina mdomo: ile tungo yako ya kwanza ingeipiga vizuri tu. Kwa mkazo jaribu kwa watu wawili wasiouona wimbo, waimbie mara moja, waulize wamesikia maneno gani. Wakikosea neno, rekebisha nota, usiwalaumu.

Karatasi: A4 upande mmoja, sauti nne juu, mashairi chini, silabi za kutua zikiwa zimepigiwa mstari. Juu weka kichwa, aya za Zaburi, Dominika unayoikusudia, ufunguo, mwendo, jina lako na mwaka. Karatasi zisizo na jina la mtunzi ndizo zinazozaa "haijulikani mtunzi" baada ya miaka mitano.

---

mkereketwa_wa_liturujia

Kuhusu maneno. Usiyaboreshe. Wimbo wa katikati ni sehemu ya Liturujia ya Neno. Kifungu cha 61 cha Mwongozo kinataka Zaburi ilingane na somo, na kwa kawaida ichukuliwe kwenye kitabu cha masomo. Kwa hiyo kabla ya kutunga fungua Kitabu cha Masomo cha Dominika hiyo, nakili kiitikio na aya kama zilivyo. Yaweza kutofautiana neno moja na Biblia uliyonayo nyumbani, na neno moja likibadilika mkazo unahama na nota zako zinaanguka.

Kwa Utukufu na Mwanakondoo ni vikali zaidi: vifungu vya 53 na 366 haviruhusu kuweka maneno mengine badala yake. "Utukufu" wenye mashairi ya kujitungia na kiitikio cha kucheza, hata ukiwa mtamu, si Utukufu wa Misa. Kwenye matoleo, komunyo na shukrani una uhuru mkubwa, na hata huko Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, kifungu cha 121, unaelekeza maneno yatoke hasa katika Maandiko na vyanzo vya liturujia. Kifungu hicho hicho kinawataka watunzi waandike pia kwa ajili ya kwaya ndogo na kwa ushiriki wa waamini wote. Watu hukisoma nusu.

Utaratibu wa kupeleka: anza na mwalimu wa kwaya, mpe karatasi, usimwimbie korido. Yeye apeleke kamati ya liturujia ya parokia na paroko. Ukitaka utumike nje ya parokia, uliza utaratibu wa jimbo lako, kila jimbo lina wake. Peleka wiki tano au sita kabla, si Alhamisi ya wiki yenyewe.

---

mlutheri_jirani

Bwana asifiwe. Mimi ni wa upande wa pili wa barabara, KKKT, lakini kazi ni moja.

Mmezungumza mkazo kwa ufundi, nataka kuongeza chanzo cha melodi. Ukiisikiliza namna bibi anavyosema au kughani kwa lugha ya nyumbani, mara nyingi melodi ipo tayari na imekaa na maneno. Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri, alipoandika "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966 melodi ilikuwa ya Kihaya, na wimbo huo umeimbwa mbali na Bukoba. Ila fanya uchunguzi kabla ya kuchukua: melodi ya ngoma ya arusi au ya unyago inaweza kumkumbusha mzee jambo ambalo hutaki alikumbuke wakati wa Zaburi. Muulize mtu wa zaidi ya miaka sitini wa eneo hilo wimbo huo uliimbwa wapi. Swali la dakika mbili.

Na kwa dada: neno "kipaji" lisikutishe wala lisikulevye. Soma 1 Mambo ya Nyakati 25:7, waimbaji wa hekalu walihesabiwa 288, na wote wanaitwa waliofundishwa, mastadi. Kenania katika 15:22 aliwekwa juu ya uimbaji kwa kuwa alikuwa stadi. Zaburi 33:3 inasema "pigeni kwa ustadi". Huko kufuta nota na kuandika upya mara sita ni sehemu ya sadaka yenyewe, si maandalizi yake.

---

chipukizi_alto

Nawashukuru sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyouliza. Nimechukua mapigo mawili ya mpiga kinanda na kanuni ya kughani ya mwalimu. Mawili bado: nikishautoa, kwaya nyingine ikiurekodi bila kuniuliza nifanyeje? Na pumzi iwekwe wapi, maana waimbaji wangu wanakata "Bwana / yu mwema".

---

karani_wa_nota

Haki ya mtunzi inazaliwa ukishauandika, haisubiri usajili. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inadumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa. Kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya mabishano. Haki yako ni kwenye melodi na ulinganifu. Maneno ya Zaburi si yako, na tafsiri za Biblia nazo zina wenyewe, kwa hiyo usiandike "maneno na muziki" juu ya jina lako, andika "muziki".

Kama nia ni utumishi, amua mapema na uandike chini ya karatasi: "Ruhusa kunakili kwa matumizi ya ibada. Kurekodi kwa kuuza, wasiliana na mtunzi." Sentensi mbili hizo zinazuia ugomvi mwingi kati ya kwaya na kwaya. Bila hizo, kila mtu anadhani cha kanisani ni cha wote mpaka siku kinapoingiza fedha.

---

mwl_wa_sauti

Pumzi. Wanakata pale kwa sababu mbili. Wanaanza na mapafu nusu, na wanatumia hewa nyingi kwenye "ku-" ndefu. Kiitikio chote ni pumzi moja, sekunde saba, mtu mzima anaiweza. Weka alama ya pumzi baada ya "mwema" peke yake, na kabla ya "O-" waache wavute kwa pigo zima, si nusu. Ndiyo maana nota ya mwisho "ma" lazima ikatwe kwa pamoja: andika d pigo moja na nusu, halafu pozi (kimya). Ukiiacha ivutwe mpaka mwisho wa kipimo, "O-" inayofuata haina mahali pa kupumulia.

Wasioweza bado, wapumue baada ya "mwone", mahali pa koma ya maana, na wasirudie nota waliyoikosa, waingie "ku-". Wasikate kati ya "Bwana" na "yu", maana hapo ndipo sentensi ilipofungwa fundo.

Mazoezi manne yanatosha. La kwanza, maneno kwa mapigo, bila nota, kisha besi na soprano. La pili, tena na alto peke yao, halafu wote kwa sol-fa. La tatu, maneno, bila kinanda. La nne, na anayeghani akiwa amesimama kwenye mimbari, si katikati ya kwaya, kwa kuwa akiwa pale mbele hasikii kinanda vile vile na ataanza chini. Mpe d yake kabla hajapanda ngazi.

---

mpiga_kinanda_wa_zamu

Na d hiyo aipate kwa nota moja, si kwa akodi nzima (nota kadhaa kwa pamoja). Wengi wakipewa akodi huchukua ile ya juu, wanaanza kwenye s, na kilele kinapofika "Bwa-" hakuna pa kwenda.

---

chipukizi_alto

Nimeelewa, mwalimu. Nakala ya marekebisho naiweka hapa jioni, na "ma" imeshakatwa.